Nimelipa pauni 585 kulala nyumba ya udongo na nyasi huko Devon: mrejesho wa likizo ya koteji Uingereza

Mpangani_Reading (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Niliahidi kwenye ule uzi wa mama kuja kututembelea kwamba tukirudi kutoka Devon, kusini magharibi mwa England, nitaleta mrejesho. Huu hapa. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwa wasiojua: Waingereza wana aina yao ya likizo ambayo wengi wetu tunaoishi huku tunaipita tu miaka nenda rudi. Hotelini huendi. Unakodi nyumba nzima kijijini au pwani, unapewa ufunguo, jiko, vyombo na vitanda, mengine utajua mwenyewe. Hiyo ndiyo koteji. Unajipikia, unajifulia, na hakuna wa kukugongea mlango asubuhi akitaka kutandika.

Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto wawili ambao hawajaanza shule, mama yangu aliyekuja na viza ya matembezi, na shangazi yake mke wangu anayeishi Slough. Hotelini hao ni vyumba vitatu, na mama yangu hawezi kula soseji na mkate siku saba mfululizo, namjua. Nyumba nzima, Jumamosi mpaka Jumamosi, katikati ya Machi: pauni 585. Haifiki pauni mia kwa kichwa kwa wiki. Nyumba hiyo hiyo wiki ya pili ya Agosti wameandika 1,640. Nilifungua ukurasa mara mbili nikidhani nimeona vibaya.

Tumetoka Reading kwa barabara kuu ya M4, tukaingia M5, tukatoka kwenye njia ya kutokea namba 27 na kushika barabara ya A361 hadi mji wa Barnstaple. Mpaka hapo mteremko. Shida ni maili tatu za mwisho baada ya Braunton. Njia ya gari moja, michongoma pande zote imepanda kuliko paa la gari, huoni mbele wala pembeni. Nikakutana uso kwa uso na trekta. Yule mzee wa trekta wala hakupiga honi, alizima injini akatulia kama mtu anayesubiri chai. Nilirudi rivasi mita kama mia mbili mpaka kwenye kijisehemu cha kupishana, shangazi huko nyuma anasoma dua kwa sauti.

Tukafika. Mama akashuka, akashika ukuta, akaugonga kwa ukucha.

"Huu si udongo huu?"

Ndiyo mama.

Akatazama juu. "Na kule nyasi?"

Ndiyo mama.

"Umelipa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Kosa langu kubwa la safari nzima. Zaidi ya milioni moja na nusu kwa nyumba ya udongo! Alikwenda kukaa kwenye benchi la bustani akakataa kuingia ndani mpaka nimemaliza kushusha mizigo yote. "Nyumba kama hii mimi nimezaliwa ndani yake, baba yako akahangaika miaka kumi na mbili kunijengea ya matofali. Leo wewe unanirudisha."

Ila alipoingia akanyamaza. Ndani joto, ukuta mnene unaweza kukalia dirisha, boriti nyeusi juu, jiko la kuni sebuleni. (Boriti zenyewe ziko chini, nimejigonga kichwa mara nne, ya mwisho nikaona nyota.) Mezani wametuacha na maziwa, mkate, siagi, scone sita (vijimkate vyao vya chai) na kikopo cha jemu.

Jikoni kuna lile dude linaitwa Aga. Kwa asiyelijua: ni jiko la chuma zito, halizimwi, linawaka usiku na mchana, halina kitufe cha kuongeza wala kupunguza moto. Lina sahani mbili za chuma juu, moja kali na moja ya moto wa polepole, kila moja na mfuniko wake. Mimi na mke wangu tumesoma maelekezo nusu saa hatujaelewa kitu. Mama akaweka kiganja juu ya ile ya polepole bila kuigusa, akahesabu kimoyomoyo, akasema "hili ni chuma cha chapati". Na kweli! Alikanda unga, akatandika chapati moja kwa moja juu ya ile sahani, bila kikaango, tatu kwa wakati mmoja. Chapati zimevimba kama puto. Wiki nzima hatukumtoa jikoni, akawa anasema akipata hilo jiko Pangani atafungua biashara. Halafu anakumbuka kwamba halizimwi, anauliza nani analipa.

Siku ya pili alikaanga samaki. King'ora cha moshi kikalia, watoto wakalia, mimi nimepanda kiti napunga taulo. Fungueni dirisha KABLA ya kukaanga, wakuu, si baada.

Bahari: ufukwe wa Saunton Sands uko karibu, mchanga karibu kilomita tano umenyooka. Maji hayaogeki mwezi wa tatu, asikudanganye mtu. Mama alitia vidole vya mguu akasema haya ni ya kuhifadhia samaki. Clovelly ndipo alipopapenda, kijiji kimejengwa kwenye genge, mtaa wake mmoja ni ngazi za mawe, magari hayaingii, mizigo inaburutwa kwa sleji, na punda wapo. Kuingia unalipia. Alisema Lamu nao wangeweka geti.

Jambo la mwisho kabla sijachoka. Barabarani karibu na nyumba kuna meza, juu yake mayai na kikopo cha pesa. Hakuna mtu. Unachukua mayai, unaweka hela, unaondoka. Mama alisimama pale akiangalia huku na huku kumtafuta mwenye mayai. Kila siku alikuwa anatoka "kunyoosha miguu", nikaja kugundua anakwenda kuhakikisha kama zile hela bado zipo.

Maswali karibuni.

---

SitiYaMbele

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mama yako mpe ukurasa wake humu.

---

Mbagala_Rangi3

Yaani sisi huku tunavunja za udongo tujenge za bloku, nyie mnapanda gari masaa manne kwenda kuzilipia. Mzungu fundi. Kesho atatuuzia kibatari.

---

FundiTofali

@Mbagala_Rangi3 usicheke mkuu, hiyo ni elimu.

Mimi ni fundi, niko Iringa, hizi nyumba za Devon nimezisoma sana. Huo ukuta si kama wetu wa fito na udongo. Hawaweki miti ndani kabisa. Wanachanganya udongo, changarawe na majani ya nafaka, zamani walikuwa wanakanyaga kwa miguu au wanapitisha ng'ombe juu yake, halafu wanarundika tabaka moja, wanaliacha likauke, wanapandisha jingine. Unene sentimita 60 na zaidi. Ndiyo maana kuna joto baridi ikipiga na ubaridi jua likiwaka. Zipo zenye miaka mia nne, watu wanaishi ndani.

Wana msemo wao kule kwamba nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa lililotoka nje ya kutosha ili mvua isipige ukuta, viatu ni msingi wa mawe ili maji yasipande kutoka chini. Zetu nyingi zinakufa kwa hayo mawili tu, wala si kwa sababu ni udongo. Na sumu nyingine ni saruji. Ukizipaka plasta ya saruji unafungia unyevu ndani, ukuta unaoza taratibu huku wewe unaona unapendeza. Wao wanapaka chokaa.

Matete ya paa yakiezekwa vizuri yanakwenda miaka 25 mpaka 40. Sasa linganisha na bati lako la geji 32.

---

Mbagala_Rangi3

Bati langu mlilifikia vipi tena jamani.

---

Kanyaga_Twende254

Mleta uzi, niko Milton Keynes, ni Mkenya. Nataka nikuulize kitu wengi wanaogopa kuuliza. Vile mlifika hapo kijijini, watu sita weusi, mlitazamwaje? Kwa sababu mimi bibi yangu, yaani mke, ameniambia hataki kwenda mahali atakuwa peke yake kwa pub wakimwangalia kama amepotea njia ya kwenda airport.

---

Mpangani_Reading

@Kanyaga_Twende254 swali la maana, sitakuficha.

Tuliangaliwa. Tulipoingia baa ya kijiji kula mchana, mazungumzo yalipungua sauti kama sekunde tano hivi. Halafu yakarudi. Mwenye baa alikuwa mchangamfu, mzee mmoja akamuuliza mama kama amepata baridi, basi akakaa naye nusu saa wanazungumza mimi nikitafsiri, habari za ng'ombe tu. Njiani kila mwenye mbwa anakusalimia, hilo mjini hulipati. Kuna mama mmoja aliyetufuata kwa macho mpaka kwenye gari, na alituuliza mara mbili kama "tunafahamu hiyo ni njia binafsi". Haikuwa binafsi, ilikuwa na kibao cha njia ya umma. Nilimwonyesha kibao, akaondoka.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hesabu yake. Mke wangu anasema atarudi. Shangazi anasema sehemu nyingine ndiyo, ila safari ijayo twende watu kumi na mbili ili wao ndio wawe wachache.

---

Kanyaga_Twende254

Shangazi apewe kiti cha bunge 😂. Asante buda, nimeelewa.

Na hiyo ya vibao ni kweli, watu wajue. England kuna njia za miguu za umma zinapita katikati ya shamba la mtu na ni haki yako kisheria kupita. Fuata kibao, funga geti kama ulilikuta limefungwa, usikanyage mimea, mbwa wako mfunge ukiona kondoo. Mwenye shamba hana ruhusa ya kukufukuza kwa hiyo njia.

---

Bint_Darajani

Assalaam alaykum. Mimi niko Leicester, tumeshakwenda mara tano, Norfolk mara mbili, Lake District, Whitby na Northumberland. Naongeza ya kwetu.

Nyama: vijijini usitegemee halali. Nabeba ya wiki nzima kwenye kibaridi, imegandishwa, nimeigawa kwa vifurushi vya siku. Kuku wawili, kilo tatu za ng'ombe, sambusa mia. Viungo nabeba vyote, maana duka la kijiji utakuta pilipili manga na chumvi. Nazi nabeba ya kopo. Sufuria kubwa ya pilau beba YAKO, zao ni za kupikia watu wawili wanaodayati. Tena beba na mbuzi ya kukunia nazi kama wewe ni wa mbuzi, wifi yangu alibeba, mwenye nyumba alipita akauliza ni kiti cha maombi.

Kibla huku ni kusini mashariki, simu iwe na dira isiyohitaji mtandao kwa sababu mtandao huwa hakuna.

Bei: wenye watoto wa shule msikimbilie kuwatoa darasani. Faini sasa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewesha siku 21 inakuwa 160. Wazazi wawili watoto watatu, piga mwenyewe. Sisi wa Leicester tuna bahati moja, shule zetu hufunga mapema kuliko kwingi, kwa hiyo katikati ya Julai tunapata nyumba kabla nchi nzima haijamwagika barabarani. Wengine tafuteni ile wiki ya mapumziko ya Oktoba, au usiku nne za Jumatatu hadi Ijumaa ambazo huwa nafuu kuliko wikiendi ya usiku tatu.

---

MvuviWaKilwa

Northumberland ulikwenda kile kisiwa cha Lindisfarne? Nasikia barabara inafunikwa na bahari.

---

Bint_Darajani

@MvuviWaKilwa ndiyo, hapo ndipo Waswahili tulipong'ara. Barabara inakwenda kisiwani juu ya tope la bahari, maji yakijaa inazama, mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka zimebandikwa pale mwanzo wa njia na ziko mtandaoni. Bado kila mwaka watu wanaingia wakisema "maji yako mbali", gari linamezwa, wao wanapanda kile kibanda cha miguu mirefu kilichowekwa kwa ajili ya wakaidi, wanasubiri kuokolewa.

Baba mkwe wangu, mtu wa Nungwi, alisimama pale akatazama mwezi wa jana yake akasema leo bamvua (siku ya maji makubwa), hatuvuki saa hii. Binti yangu anamwonyesha simu, simu inasema hivyo hivyo. Alitembea siku nzima mikono nyuma kama kadhi.

---

MvuviWaKilwa

Hapo nimekuelewa kabisa. Na wanaokwenda upande wa Mlango wa Bristol, Weston na Minehead huko, wajue kupwa na kujaa kwa maji kule ni kati ya kukubwa kabisa duniani, bamvua inapita mita 12 kule juu karibu na Severn. Kwetu mita tatu, nne tunaita bamvua kubwa. Yakipwa unaona tope mpaka upeo, usimfuate kaa kule. Tope linakushika miguu na maji yanarudi.

---

Mpangani_Reading

Na penye bendera nyekundu na njano ndipo pa kuogelea, katikati ya hizo mbili, waokoaji wanaangalia hapo. Ukiona mtu anazama ni 999, omba walinzi wa pwani.

Nilisahau kusimulia la amana. Tuliporudi, kampuni iliyotukodishia (jina siliweki) ikatukata pauni 75. Kosa: doa la manjano kwenye meza nyeupe ya jikoni. Ni binzari ya mama, sikatai, lakini kulikuwa na madoa mengine mawili tuliyoyakuta. Nilikuwa na picha za siku ya kufika, nikawatumia, wakarudisha 40. Bado nina kinyongo.

---

Mama_Shuka

Hodi humu. Mimi niko upande wa pili wa huu uzi, ndiye ninayesafisha hizo nyumba. Cornwall, mwaka wa sita.

Mleta uzi, picha ulizopiga ndizo zilizokuokoa. Kila mtu apige akifika, kabla ya kufungua begi: meza, zulia, magodoro, ndani ya oveni. Doa la binzari kwenye meza nyeupe, paka magadi ya kupikia na limao, liache usiku, asubuhi futa, kisha fungua pazia jua lipige. Jua linakula manjano. Usisugue na kile kikwaruzo cha kijani, hapo ndipo unapolipia meza nzima.

Mjue na siku yetu ilivyo. Jumamosi mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa kumi jioni. Katikati ya hapo nina nyumba tatu. Shuka zote, vyoo, friji, majivu ya jiko la kuni, mchanga. Mchanga! Watu wanaoga na watoto wao na nusu ya ufukwe inabaki kwenye beseni. Kwa hiyo ile saa nne asubuhi si roho mbaya ya mwenye nyumba. Ukichelewa nusu saa mimi ndiye ninayekimbia mpaka usiku.

Vitu vitatu vinavyoleta ugomvi kuliko vyote: mafuta ya kukaangia kumwagwa kwenye sinki, vitambaa vya kupangusia watoto kutupwa chooni (nyumba nyingi za kijijini zina karo lake lenyewe uani, likiziba harufu ni ya kijiji kizima), na kuleta watu kumi nyumba ya sita. Tunajua. Tunahesabu taulo. Na kwenye nyumba ya nyasi usiwashe mkaa wa kuchomea nyama karibu na ukuta, soma kitabu cha nyumba kimeandika umbali. Cheche moja tu.

Halafu niseme la moyoni. Mji ninaosafisha una bahari mlangoni. Mimi siishi hapo, siwezi. Naishi bara dakika 40 kwa basi, kwa sababu nyumba za kupanga mwaka mzima zimekwisha, zote zimekuwa za wageni. Januari ukipita ule mtaa usiku unahesabu taa tatu. St Ives mwaka 2016 walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakasema nyumba mpya zikijengwa ziwe za wakazi wa kudumu tu. Na tangu Aprili 2025 halmashauri zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba ya pili kodi ya halmashauri mara mbili, Cornwall wanatoza. Nyumba bado sijapata.

Simwambii mtu asije, nalipwa na huko huko kuja kwenu. Ila mkija nunueni samaki kwa mvuvi na mkate kwa mwokaji pale pale, msilete gari limejaa ununuzi wa Leicester 😄

---

Bint_Darajani

@Mama_Shuka nimekusikia dada yangu. Nyama nitaendelea kubeba, samaki nitanunua kwako. Shela, kule Lamu, nako ni habari hiyo hiyo, mtu anauza nyumba ya babu anahamia bara, baadaye anarudi kuwa mlinzi kwenye geti lake.

---

Asiye_na_Gari

Mimi sina leseni. Inawezekana?

---

Kanyaga_Twende254

Inawezekana ukichagua mji wenye reli. St Ives treni inashuka mpaka ufukweni, unabadilisha St Erth. Whitby iko na reli kutoka Middlesbrough. Barnstaple unapanda Exeter. Windermere pia iko na stesheni. Basi za England kwa sasa tiketi ya kwenda haizidi pauni 3 kwa nyingi. Lakini angalia ratiba ya Jumapili, kuna vijiji basi ya mwisho ni ya Jumamosi saa kumi na moja, halafu ni wewe na kondoo.

Ununuzi unaagiza supamaketi wakuletee pale nyumbani jioni ya kufika. Mwulize mwenye nyumba maelekezo kamili, posti kodi moja huko inaweza kuwa shamba lote.

---

Mbagala_Rangi3

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Mama alirudi salama? Na kule Pangani amesema nini?

---

Mpangani_Reading

@Mbagala_Rangi3 alirudi wiki mbili zilizopita. Amewasimulia majirani kwamba Ulaya mwanawe alimlaza nyumba ya udongo, hakuna aliyemwamini, wanadhani ananificha kwamba nina shida. Mjomba amenipigia juzi, kwa sauti ya chini kabisa, kuniuliza kama nahitaji nauli ya kurudi.

Nimemtumia picha ya ile nyumba. Amejibu: "Pole sana mwanangu."

---

Bint_Darajani

😂😂😂

Jamani, tuna nyumba ya watu kumi na nne Norfolk karibu na Wells, wiki ya Oktoba, familia moja imejitoa. Nafasi nne. Anayejua kurudi rivasi kwenye njia ya michongoma apewe kipaumbele, mume wangu amegoma. Njooni PM (ujumbe binafsi).